Mwezi wa Nne Hakuna Tanga

Nilisonya hadi muuza kahawa akashusha birika lake chini. Msyuuu! Vijana wa bodaboda waliokuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao wakainua vichwa, na babu mmoja aliyekuwa akipepeta punje za ufuta kiganjani akaniuliza nani kaniudhi asubuhi yote ile, jua halijapita hata kimo cha mwembe.

Hakuna mtu aliyeniudhi. Iliyoniudhi ni tarehe.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, amekuja Miono kwa arusi ya binamu yake. Kazi yake iko Unguja, kwenye ofisi inayopangia wageni safari. Ametukuta kijiweni, akatuamkia mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo mjomba, akaketi pembeni ya benchi na kuniwekea simu mapajani. Ana wageni wanane wenye fedha zao. Wanataka siku kumi za anasa: kisiwa ambacho hawatagongana na mtu mwingine, mpishi wao, chombo chao, na katikati ya siku hizo kumi waone sherehe ya matanga, vyombo vya kwetu vikishindana. Jambo zuri kabisa. Nimefurahi hata kuona kuna watu wanavuka dunia kuja kutazama ngalawa. Kisha nikashuka chini ya ujumbe nikaona walivyoandika: wiki ya mwisho ya Aprili.

Aprili, jamani! Mwezi wa nne! Masika yamelala juu ya paa, barabara ya kwenda Saadani imegeuka uji, na baharini upepo haujui unatoka wapi.

"Mjomba, wao wanasema walishakwenda kwingine mwezi huohuo na ilikuwa sherehe kubwa," mpwa akajitetea.

Nawaamini. Kule Karibi, kisiwa cha Antigua kimekuwa na wiki yake ya mashindano ya matanga tangu miaka ya 1960, na kwa miaka mingi iliangukia mwishoni mwa Aprili kuingia Mei. Kule tarehe hiyo ina akili ndani yake: upepo wao umetulia, na vimbunga vya Atlantiki havijaanza msimu, maana msimu huo hufunguka Juni. Waingereza nao, kwenye kisiwa cha Wight, wana mashindano ya Cowes tangu 1826, na wameyaweka Agosti, kiangazi chao. Kila watu wameweka sherehe pale bahari yao inapoiruhusu. Kosa la wageni hawa ni kuichukua tarehe ya Antigua na kuibandika Unguja. Na kosa la ofisi, nikamwambia mpwa wangu bila kumficha, ni kuipokea tarehe hiyo na kuanza kutafuta vyumba.

Mtu wa Dar atauliza watu wa Miono wanajua nini habari za tanga. Sisi ni wa ufuta na mananasi, Wazigua, Wakwere na Wadoe, na kutoka kwenye mwembe wetu bahari haionekani. Lakini panda pikipiki, pita Mkange, endelea mpaka Saadani, utakuta mawimbi yanapiga ukingo wa hifadhi ya taifa, hifadhi pekee Tanzania ambayo tembo wake wanaweza kufika ufukweni. Na kabla haijaitwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, Saadani ilikuwa bandari ya watu wetu. Ng'ambo ni Unguja. Baba zetu walipeleka kule mbuzi, mkaa na boriti, wakarudi na nguo na mchele, na vijana wa hapa waliochoka na jembe walishuka kule kujifunza kamba.

Mimi mwenyewe nilivuka mara ya kwanza nikiwa sijaota hata ndevu, ndani ya mashua iliyopakia mbuzi, kuelekea Mkokotoni. Tulikaa pwani siku nne. Siku nne! Kila siku nilimuuliza nahodha tunaondoka lini, na kila siku alitazama mbingu, akatazama maji, akanijibu, "Bado." Nikadhani ni mvivu. Usiku wa tano akatuamsha, umande unavuma kutoka bara, ule upepo mwembamba wa nchi kavu unaowatoa wavuvi kabla ya alfajiri. Tukasukuma chombo maji yakiwa yamejaa, tukatoka nao. Jua lilipopanda, kusi ikatushika ubavuni, tanga likavimba, na mbuzi hata hawakulia. Kabla ya alasiri tulikuwa tunaiona minazi ya Unguja. Kuna chombo kingine kilichoondoka siku ya pili, nahodha wake aliharakishwa na mwenye mali. Kilirudi usiku, foromali, ule mti unaobeba tanga, imevunjika, nusu ya mzigo umetupwa baharini ili kukipunguzia uzito.

Ndiyo maana nilisonya. Safari ya kwenda kutazama tanga inapangwa na kinachosukuma tanga. Hoteli inakuja baadaye, ndege inakuja baadaye, mpishi baadaye.

Babu mwenye ufuta, ambaye ujana wake ulipita kwenye majahazi ya Bagamoyo, alimimina zile punje mfukoni, akajipangusa mikono, akamwita mpwa wangu asogee. "Mama, njoo hapa nikufundishe kalenda." Akamwambia wazee wa pwani walikuwa na hesabu mbili, na kwamba siku hizi watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya Nairuzi, mwaka wa jua. Huanza pale wanapofanya Mwaka Kogwa Makunduchi, mwezi wa saba, na mabaharia walihesabu siku zake kwa miongo, kumi kumi, mpaka mwaka ukaisha. Mwenye hesabu hiyo alijua kusi itakata lini na kaskazi itaingia lini. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, ya mifungo, ile tunayofungia Ramadhani. Hiyo haijui upepo kabisa, maana inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, lakini inajua maji. Ukiambiwa leo ni mwezi mosi au mwezi kumi na tano, hata kama umelala Dodoma, unajua baharini ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Ukiambiwa mwezi saba au ishirini na mbili, unajua ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana.

"Nairuzi inakupa upepo, mwezi unakupa maji," akasema. "Wewe ofisini kwako una ipi?"

Mpwa wangu alikuwa na ile ya ukutani, yenye picha ya pundamilia.

Basi tukaanza upya, na hapa ndipo kijiwe kilipochangamka, kila mtu na neno lake. Tukaufuta mwezi wa nne. Mwezi wa tano nao tukaufuta, kwa sababu katikati ya kaskazi na kusi kuna maleleji, upepo unageukageuka, na hoteli nyingi za visiwani hufunga milango kipindi hicho kupaka rangi na kuezeka upya. Wenyewe wenye hoteli wanajua. Zikabaki nafasi mbili za kweli.

Ya kwanza ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Jua kali, bahari ya upande wa magharibi wa Unguja imetulia, maji meupe unaona mpaka mchanga wa chini. Upepo huu ndio uliowaleta Waarabu na Wahindi miaka mia kwa mia, wakishuka nao na majahazi, wakingoja kusi iwarudishe. Na ndani ya kaskazi kuna sherehe ambayo mimi, ningekuwa na nauli, ningeanza kuifikiria leo: Lamu, tarehe 1 Januari. Kule Shela, kwenye mkono wa bahari unaotenganisha Lamu na Manda, mashua hushindana siku ya Mwaka Mpya. Mashua za Lamu si za kuchezea. Hutoa ubao nje ya chombo upande wa upepo, watu wakakaa juu yake miguu inaning'inia juu ya maji, na uzito wao ndio unaokizuia chombo kisilale. Wakikosea, wote majini. Jirani na hapo iko Matondoni, kijiji cha mafundi wa kuchonga vyombo, na Mji wa Kale wa Lamu wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Mgeni anayesema anapenda matanga asipelekwe Shela tu akanywe maji ya madafu kibarazani. Apelekwe Matondoni akanuse sifa, yale mafuta ya papa, aone fundi anavyokalafati kwa pamba na nyundo, asikie mlio wa ubao. Siku moja ya hivyo inamfundisha nini cha kutazama resi ikianza.

Lamu wana pia Maulidi yao, ya mwezi wa Mfungo Sita, yanayozunguka msikiti wa Riyadha, nayo huja na michezo, mbio za punda na za mashua. Hapo babu akainua kidole: hayo yanafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo mwaka huu yanaweza kukukuta kwenye upepo mmoja na baada ya miaka kumi kwenye upepo mwingine kabisa. Anayewapangia wageni safari ya Maulidi aangalie yameangukia wapi. Na awaambie wageni wake kwamba hiyo ni ibada kwanza. Wavae vizuri, waulize kabla ya kupiga picha.

Nafasi ya pili ni kusi, Juni mpaka Septemba. Baridi tamu, mvua imekatika, upepo una nguvu na hauchoki. Unguja kuna Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la mwezi wa saba, na tangu lianze mwishoni mwa miaka ya 1990 limejiita tamasha la nchi za jahazi, na limekuwa na desturi ya resi za ngalawa mbele ya Forodhani. Mwezi huo wa saba Makunduchi wanakoga mwaka. Tarehe zikikaribiana, mtu anaweza kuyaunganisha yote mawili katika safari moja, akaona filamu usiku Ngome Kongwe, akaona Nairuzi yenyewe ambayo babu alikuwa akiisimulia. Wako pia wageni wasiotaka kutazama. Wanataka kushika usukani. Kampuni ya Waingereza, The Adventurists, ilianzisha mashindano iliyoyaita Ngalawa Cup, baadaye Kraken Cup, ambamo watu ambao hawajawahi kuona ngalawa hupewa moja wakasafiri nayo mamia ya kilomita kati ya visiwa vyetu. Wengi hupinduka. Nawapongeza kwa ujasiri wao, lakini wageni wanane wa mpwa wangu wanataka shuka safi.

Lakini kusi ina upande ambao kijiwe chetu kinauzungumza kwa sauti ya chini. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam mchana kwenda Unguja, bahari imechafuka, ikazama karibu na Chumbe. Roho nyingi zilipotea. Pwani yote hii kila mtu anamjua aliyemjua mtu aliyekuwa mle. Kwa hiyo nilipomwambia mpwa wangu aandike kwenye mpango wake siku mbili tupu, zisizo na kitu, nilimaanisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, hakuna kuvuka, hata kama chumba kimelipiwa, hata kama mgeni anapiga meza. Siku hizo tupu ndizo nahodha wangu wa Mkokotoni alizokuwa akiziita "bado". Chombo kiwe na leseni, jaketi za uokozi zitoshe hesabu ya vichwa pamoja na mabaharia. Mabaharia pia. Nimeona mara nyingi wageni wamevalishwa, na kijana anayepanda mlingoti hana kitu mwilini ila kaptura.

Sasa, maji. Hapa nilisonya mara ya pili, na mpwa akacheka, lakini hili halichekeshi.

Binamu yangu ni nahodha wa ngalawa. Mwaka mmoja aliitwa kwenye sherehe ya kisiwa kimoja, sitakitaja. Resi iliandikwa kwenye kadi: saa nne asubuhi. Karatasi nzuri, muhuri, mgeni rasmi. Aliyepanga hakutazama mwezi. Siku ile ilikuwa bamvua, na pwani yetu hii, siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi za alfajiri na saa kumi za alasiri, yakapwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi. Kupwa kwa bamvua si mchezo. Bahari hushuka zaidi ya mita tatu, na pale palipokuwa na kina cha kuogelea, akina mama wanaokota chaza. Saa nne ilipofika, ngalawa zote zilikuwa zimekaa matopeni mbele ya hema la wageni kama kuku waliofungwa miguu. Hotuba zikasomwa. Vijana wakangoja juani bila chai, maana chai ilikuwa ya hemani. Maji yaliporudi na kuelea kukawezekana, wageni walikuwa wameshakimbilia boti ya kurudi Dar. Resi ikakimbizwa mbele ya watoto wa kijiji na mbwa wawili. Binamu yangu alishinda, na kwa ushindi ule alipewa fulana na kofia. Alirudi nyumbani na tanga limepasuka, na tanga lile ndilo lililokuwa likilisha watoto wake.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: kwa hiyo ile resi ya Januari mosi, ambayo tarehe yake haibadiliki, maji yake yakoje? Babu akafurahi. Akamwambia hapo umeelewa. Januari mosi kaskazi ipo kila mwaka, lakini mwezi siku hiyo unaweza kuwa wowote, basi kila mwaka unatazama mwezi ndipo ujue saa ya kuwapandisha wageni kwenye chombo cha kutazamia na mahali pa kukitia nanga. Kwa wanane wake, chombo kikae upande wa chini ya upepo, mbali na boya la kugeukia lakini si mbali sana, kwa sababu ufundi wote unaonekana kwenye boya. Tanga letu la pembetatu haligeuzwi kwa kuvuta kamba moja. Foromali inapitishwa mbele ya mlingoti, watu wanahama upande, mzigo unahama, na nahodha anashika usukani kwa mkono mmoja huku anapiga kelele. Hapo ndipo chombo cha tano huwa cha kwanza. Mgeni aliyewekwa kwenye jukwaa la mwisho wa mbio anaona tu nani kashinda.

Habari za kisiwa chenyewe hazikutuchukua muda, kwa kuwa fedha ni za wageni. Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ina mabanda 12 tu, na mtu mmoja kwa usiku mmoja hulipa zaidi ya dola 1,000. Kisiwa cha Shungimbili jirani na Mafia, wanachokiita Thanda, kilifunguliwa 2016 na hukodishwa chote kizima kwa kundi moja. Hao wanane wangeenea bila kumwona mtu. Mimi nilimpigia kampeni Chumbe. Ni hifadhi ya bahari tangu 1994, ina mabanda saba yanayokunywa maji ya mvua, mnara wa taa wa mwaka 1904 ungali umesimama, na waliokuwa wavuvi ndio walinzi wa matumbawe. Anasa yake ni kimya. Kutoka Mji Mkongwe ni mwendo mfupi tu baharini, hivyo siku ya resi ya Forodhani unafika bila kuamka usiku.

Kijana mmoja wa bodaboda, anayepeleka watafiti na wageni Saadani, akaleta wazo lake: wale wageni wakimaliza Unguja wavushwe bara, walale Saadani, kisha wapelekwe Maziwe kula chakula cha asubuhi mchangani katikati ya bahari. Wazo zuri kuliko alivyodhani, na kijiwe kizima kikaanza kusema kwa pamoja.

Maziwe iko mbele ya Pangani. Wazee wanaikumbuka ikiwa kisiwa hasa, na mivinje, wavuvi wanalala pale, na kasa wakipanda usiku kutaga kwa wingi kuliko mahali pengine popote pwani hii. Miti ikaondoka. Mizizi ilipoondoka, mchanga nao haukuwa na cha kuushika, bahari ikaula mwaka hadi mwaka, na miaka ya 1980 ilipoanza kisiwa kilikuwa kimekwisha. Leo maji yakijaa hakuna kitu pale, ni bahari tupu juu ya miamba. Yakipwa, linainuka fungu la mchanga mweupe, saa chache, kisha linazama tena. Kasa wamekataa kusahau. Bado wanapanda kutaga kwenye mchanga ambao maji yatafunika mayai, na watu wa Ushongo wanayahamisha kwa mikono kwenda kuyafukia bara, yaanguliwe.

Nilimwambia mpwa wangu: wapeleke. Wapeleke kwenye bamvua, saa nne asubuhi, saa ileile iliyomfedhehesha binamu yangu, kwani kwa Maziwe hiyo ndiyo saa yake. Watandikie jamvi, wape samaki, chapati, matunda. Lakini nahodha awaeleze wamekaa juu ya nini. Mtu anayelipa dola 1,000 kulala kisiwani ana haki ya kujua kwamba kisiwa hufa, na kwamba hiki kilikufa mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai na wanakunywa kahawa. Na maji yakianza kuguna pembeni, waondoke. Hapo hakuna kubembelezana kwa ajili ya picha moja zaidi.

Tukaingia kwenye fedha. Hapa ndipo sauti zilipopanda hata dada wa mihogo ng'ambo ya barabara akasogea kusikiliza.

Mpwa wangu alikuwa na orodha ya gharama simuni. Nilimwomba anisomee. Hoteli, ndege, boti ya mwendo kasi, mpishi, mpiga picha, mapambo, bima ya lazima ya Zanzibar ambayo wageni watu wazima kutoka nje wanalipa dola 44 tangu Oktoba 2024. Nilisikiliza mpaka mwisho. Ngalawa haikuwamo. Wala mashua. Kwenye safari inayoitwa ya matanga, mwenye tanga hana mstari wake. Nilipouliza, akasema resi ni ya bure, mtu anasimama tu ufukweni anaangalia.

Msyuuu!

Ni kweli, bahari haina kiingilio. Lakini nani anamlisha yule unayemtazama? Nahodha wa ngalawa, siku ya resi na siku mbili za kujiandaa, haendi kuvua. Chombo chake kimechongwa kwenye gogo la mwembe, na miembe minene ya kutoa mtumbwi haipatikani tena kirahisi. Tanga lake huenda limeungwaungwa na viroba vya mbolea, maana kitambaa cha kweli ni ghali. Kijana wake anafikiria kuuza kila kitu anunue pikipiki, aje kukaa hapa chini ya mwembe na hawa. Wawili kati ya madereva wa kijiwe chetu ni watoto wa mabaharia wa Saadani. Niwaulize? Niliwauliza. Mmoja akasema ngalawa ya baba yake imeoza imegeuzwa banda la kuku. Alisema hivyo akitazama chini, na hakuna aliyeongeza neno.

Kwa hiyo nikamwambia mpwa wangu aweke mstari, wa kwanza kabisa juu ya hoteli: chombo na mabaharia wake. Aingie kijiji cha wavuvi miezi sita kabla, achague nahodha mmoja, akubaliane naye bei kwa siku zote za safari, siku za kungoja zikiwamo, nusu atangulizwe. Wageni wamnunulie tanga jipya, aingie nalo kwenye resi. Watakuwa na chombo chao cha kushangilia, watajua jina lake limeandikwaje ubavuni na kwa nini, watajua nani anachota maji na nani anashika kamba. Kila nilichoona kwenye maisha yangu kinaniambia mtu anayeshangilia chombo anachokijua hulia kwa furaha, na anayetazama matanga 20 asiyoyajua hurudi kwenye simu yake baada ya dakika kumi. Resi ikiisha, tanga linabaki na nahodha. Siku inayofuata anakwenda nalo kuvua.

"Wageni watakubali?" mpwa akauliza.

Dada wa mihogo ndiye aliyejibu. "Wanalipia maua ya mezani, watakataa tanga?"

Mpwa wangu alikaa muda, akifuta na kuandika. Aprili ikatoka. Akaweka Julai, akaiondoa, akaweka mwishoni mwa Desemba kuingia Januari, Lamu kwanza kisha Unguja, na siku mbili tupu katikati. Akaniuliza kama awapigie sasa hivi hoteli ya Shela kabla haijajaa, kwa sababu Mwaka Mpya vyumba huwahiwa mapema. Nikamtazama tu. Akaelewa, akatafuta namba nyingine, ya nahodha, aliyopewa na rafiki yake wa Lamu, akabonyeza, akaweka sauti ya wote kusikia.

Ikaita mara nyingi. Ikapokewa, nyuma yake upepo na mtu anagongelea msumari. Salamu zikapelekwa, zikarudi, kwa Kiswahili cha kule kilichomfanya babu atabasamu. Mpwa akaeleza: wageni wanane, Januari, resi, chombo kwa siku zote, na malipo ya mwanzo.

Nahodha hakuuliza malipo kiasi gani. Aliuliza, "Siku hiyo mwezi utakuwa wangapi?"

Mpwa akatugeukia. Babu alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole.